Mariamu alibarikiwa kuliko wanawake wote, lakini hekaluni alikwenda na hua wawili. Kubarikiwa ni nini basi?

Mwana wa Mlimani (mleta uzi)

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie. Nimelibeba jambo hili moyoni muda mrefu na naona sasa tulizungumze wazi.

Siku hizi shuhuda nyingi makanisani, hata kwenye makundi yetu ya WhatsApp, zina sura moja. Nilikuwa napanga, sasa nimejenga. Nilikuwa natembea kwa miguu, sasa naendesha. Mtoto amepata viza. Tunapiga makofi na kuitikia amina, tunasema huyu kweli kabarikiwa. Sina neno na mwenye gari. Amshukuru Mungu, nasi tufurahi pamoja naye, maana tumeagizwa kufurahi na wafurahio. Anayeniuma ni yule aliyekaa benchi la nyuma. Kesi ya shamba lake haijaisha, sukari inampanda, mwanawe karudi kutoka mjini mikono mitupu. Kila ushuhuda ukitolewa, yeye anajikagua upya: nimekosea wapi? Sadaka yangu ni ndogo? Kuna laana ya ukoo? Anaingia ibadani akiwa na mzigo mmoja, anatoka na miwili.

Msimamo wangu nauweka mapema. Mafundisho ya baraka ambayo huwezi kuyasema wodini, kando ya kitanda cha mgonjwa, bila kumwongezea maumivu, hayo hayatoki kwa Kristo. Kristo aliyasema ya kwake mbele ya wagonjwa. Luka 6 inaeleza wazi kwamba waliokuwepo pale walikuja kumsikiliza na kuponywa magonjwa yao. Akainua macho akawatazama wanafunzi wake, watu walioacha nyavu na forodha, akawaambia heri ninyi mlio maskini, heri ninyi mlio na njaa sasa, heri ninyi mliao sasa. Na hakuishia hapo: "Ole wenu ninyi mlio na mali, kwa kuwa faraja yenu mmekwisha kuipata." Mstari huo ni wa 24. Ni lini mara ya mwisho mmeusikia ukihubiriwa kwenye ibada ya shukrani?

Sasa nije kwa Mariamu, maana huyu ndiye aliyenifanya nikae chini niandike.

Katika Agano Jipya lote, hakuna mwanadamu aliyetangaziwa kubarikiwa kwa sauti kubwa kama yeye. Elisabeti alipaza sauti, akijawa na Roho Mtakatifu: "Umebarikiwa wewe katika wanawake." Mariamu mwenyewe akaimba kwamba vizazi vyote watamwita mbarikiwa. Geuzeni ukurasa mmoja tu muone huyo mbarikiwa anaishije. Anasafiri akiwa mjamzito kwa sababu ya amri ya mtawala wa mbali. Anajifungua pasipo na nafasi, mtoto analazwa horini. Siku zake za utakaso zilipotimia wanakwenda Yerusalemu kutoa sadaka. Torati, Walawi 12, ilimtaka mama aliyejifungua alete mwana-kondoo wa sadaka ya kuteketezwa, pamoja na kinda la njiwa au hua kwa sadaka ya dhambi. Asiyemudu mwana-kondoo aliruhusiwa kuleta ndege wawili. Luka anataja hao ndege tu.

Yaani mbarikiwa kuliko wanawake wote alitoa sadaka ya wasio na uwezo! Palepale hekaluni, akiwa bado na mtoto, Simeoni akamwambia kwamba upanga utaingia moyoni mwake. Hakumwambia mwaka huu ni mwaka wako wa kuinuliwa. Na miaka thelathini na kitu baadaye alisimama chini ya msalaba akimwangalia mwanawe anakufa.

Niambieni kwa kipimo chetu cha Jumapili, Mariamu angepewa maikrofoni ashuhudie nini?

Elisabeti alishatoa jibu, tatizo ni kwamba tunalipita haraka: "Naye heri aliyesadiki, kwa maana yatatimizwa aliyoambiwa na Bwana." Mariamu alibarikiwa kwa sababu Mungu alimtazama, akasema naye, akakaa naye, naye akamwamini. Hiyo ndiyo ilikuwa mali yake, na haikupungua alipokosa mwana-kondoo.

Mtume Paulo yuko hapohapo. Waefeso 1:3 anasema Mungu ametubariki kwa baraka zote za rohoni ndani ya Kristo. Baraka zote, na ameshatubariki, hatuzisubiri zishuke mwezi ujao. Ukifika sura ya 3 na ya 4 unagundua anayeandika ni mfungwa. Haoni aibu kuyataja yote mawili katika barua moja.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu mimi ni mtu wa Moshi. Jioni ya Februari 1, 2020, kwenye uwanja wa Majengo, watu 20 walikufa kwa kukanyagana, wakiwemo watoto, wakikimbilia kukanyaga mafuta yaliyoitwa ya upako. Wale hawakuwa wajinga, msiwaseme vibaya. Walikuwa watu wenye shida za kweli: magonjwa, madeni, ndoa zinazoyumba. Walikuwa wamefundishwa kwamba baraka iko mahali fulani chini pale, na atakayechelewa ataikosa. Anayemjua Baba wa Yesu hawezi kumfundisha mtu kukimbilia neema kana kwamba itaisha.

Nimalizie kipande hiki kwa jambo nililoliona kwa macho. Wanaosali usharika wa kijijini huku kwetu wanajua mnada baada ya ibada. Watu wanaleta sadaka ya walichonacho: mkungu wa ndizi, kuku aliyefungwa miguu, maziwa, viazi. Ibada ikiisha tunasimama nje na mzee wa kanisa ananadi. Siku moja bibi mmoja, mjane, alileta mayai matatu ndani ya kikapu, ameyazungushia majani makavu ya mgomba yasivunjike. Mzee akaanza kunadi kwa elfu moja. Kijana mmoja aliyekuja likizo akapandisha hadi elfu kumi, mwingine akaongeza, wakashindana pale kwa furaha hadi mayai yakauzwa kwa bei ya kuku wawili. Aliyenunua akamfuata bibi amrudishie kikapu chake na mayai yake, kama ilivyo desturi yetu kwa wazee. Bibi akachukua kikapu. Mayai akayakataa. Akasema hayo ni ya Bwana, wampelekee binti aliyejifungua nyumba ya pili kutoka kwake, hana cha kula. Hakulisema kwa kujionyesha, alikuwa anatafuta njia ya kupita aende zake.

Kwa mtazamo wangu, pale nje palikuwa na mbarikiwa mmoja ambaye hakuhitaji kuambiwa. Karibuni tujadili.

Kijana wa Mbezi

Mkuu, nimesoma yote mpaka mwisho kama ulivyoomba. Lakini niseme ukweli, nyie watu wa makanisa ya zamani mnautetea sana umaskini. Mithali 10:22, "Baraka ya BWANA hutajirisha, wala hachanganyi huzuni nayo." Umeiruka. Ibrahimu alikuwa tajiri wa mifugo, fedha na dhahabu, Mwanzo 13:2. Kumbukumbu la Torati 28 inasema tutakuwa kichwa wala si mkia. Mimi niliwahi kuuza maji kwenye foleni pale Ubungo, jua la mchana kichwani. Leo nina duka la vifaa vya umeme na vijana wawili nimewaajiri. Nilifunga, niliomba, nilitoa. Leo uniambie nisisimame kushuhudia? Niseme ilikuwa bahati tu?

Mwana wa Mlimani (mleta uzi)

Ndugu yangu wa Mbezi, hapana. Usiite bahati. Simama ushuhudie, na mimi nikiwepo nitakuwa wa kwanza kuitikia. Mkono uliokutoa kwenye foleni ni wa Mungu, na vijana wawili wanaokula kwa sababu ya duka lako ni sehemu ya ushuhuda huo. Tena usiwasahau ukisimama, wataje wao kabla ya duka.

Umaskini siutetei. Njaa ni mbaya, na manabii walipiga kelele dhidi ya wanaowanyang'anya maskini. Kuna sala katika Mithali 30 ninayoipenda sana: "Usinipe umaskini wala utajiri, unilishe chakula kilicho kadiri yangu." Hata huyo bibi wa mayai namtakia paa lisilovuja. Ninachokataa ni kuitumia mali kama cheti, kwamba aliyenayo Mungu anampenda na asiyenayo kuna kitu kakosea.

Ibrahimu umemtaja, twende naye mpaka mwisho. Aliahidiwa nchi nzima. Sara alipokufa, Mwanzo 23, huyo tajiri hakuwa na mahali pa kumzika mkewe. Alisimama mbele ya Wahiti akajiita mgeni na mpitaji, akainunua pango ya Makpela na shamba lake kwa shekeli 400 za fedha. Katika nchi yote aliyoahidiwa, alichomiliki kwa mkono wake ni kaburi. Waebrania 11 inasema wazi kwamba wote hao walifariki katika imani, wasijazipokea ahadi, bali waliziona kwa mbali na kuzishangilia. Na Mungu alipomwita hakumwambia tu nitakubariki. Alimwambia uwe baraka, na kwamba katika yeye jamaa zote za dunia watabarikiwa. Ng'ombe wake wameishia jangwani zamani. Hiyo baraka nyingine ndiyo iliyonifikia mimi na wewe, na Wagalatia 3:14 inasema imetufikia katika Yesu Kristo, tupate kupokea ahadi ya Roho.

Kuhusu Kumbukumbu la Torati, sura ya 28 inahubiriwa sana lakini ya 15 haiguswi. Kitabu ni kilekile. Pale Mungu anawaambia Israeli kwamba akiwabariki, wasimfumbie mkono ndugu yao maskini, wamfumbulie mkono na kumkopesha hata kama mwaka wa maachilio uko karibu, mwaka wa madeni kufutwa. Anayependa kuwa kichwa ajiulize mkono wake uko wazi kiasi gani.

Binti Sayuni

Shalom wapendwa. Huwa nasoma tu humu, leo naomba nichangie. Nimeolewa miaka mingi na sijapata mtoto. Siku ya Mama kanisani huwa wanaitwa kina mama wote mbele wapewe ua na kuombewa. Mimi hubaki nimekaa na mabinti. Kuna mtumishi aliwahi kuniambia tumbo langu limefungwa kwa sababu ya mambo ya bibi yangu mzaa baba, nikaambiwa nitoe sadaka ya kuvunja hiyo laana. Nikatoa. Nikaambiwa tena. Sasa mleta uzi, mtu kama mimi nasimama wapi kwenye hii mada? Nimebarikiwa au bado?

Mwana wa Mlimani (mleta uzi)

Dada yangu, pole sana. Pole kwa kungoja, na pole zaidi kwa uliyoambiwa na mtu aliyepaswa kukufariji.

Nianze na hilo la bibi yako. Wanafunzi walimuuliza Yesu swali lilelile katika Yohana 9: mtu huyu amezaliwa kipofu, aliyetenda dhambi ni nani, yeye au wazazi wake? Yesu akakata: "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake." Na kabla yake Ezekieli, sura ya 18, Mungu aliikataza kabisa ile mithali ya kwamba baba wamekula zabibu kali na meno ya watoto yametiwa ganzi. Kama ukoo wako ulikuwa na deni lolote, Kristo alilibeba msalabani. Hakuna malipo ya pili, na anayekudai sadaka kwa ajili hiyo anakudai kitu ambacho hakipo.

Kisha soma Luka 11:27. Mwanamke mmoja alipaza sauti katikati ya watu, heri tumbo lililokuzaa. Ni sifa ambayo hata sisi tungeitoa. Yesu hakumkemea, lakini aliisogeza: "Afadhali, heri walisikiao neno la Mungu na kulishika." Alisema hivyo kuhusu mama yake mwenyewe, kwamba hata yeye heri yake haikuanzia tumboni. Mlango huo uko wazi kwako sawasawa na ulivyokuwa wazi kwake.

Nakuongezea andiko ambalo sijawahi kulisikia Siku ya Mama. Isaya 56. Mungu anasema na matowashi, watu ambao kwa hakika hawatazaa, waliojiita mti mkavu. Anawaahidi ndani ya nyumba yake kumbukumbu na jina lililo jema kuliko kuwa na wana na binti. Sasa nenda Matendo 8: towashi wa Kushi yuko garini anasoma Isaya, amefika palipoandikwa kuhusu mwana-kondoo apelekwaye machinjoni. Angeendelea kidogo tu angekuta ahadi yake mwenyewe. Filipo akamhubiria Yesu, akabatizwa njiani, na Luka anaandika kwamba alikwenda zake akifurahi. Hakupata mtoto. Alikwenda akifurahi.

Endelea kuomba mtoto kama Hana alivyoomba, na lia kama alivyolia, hakuna dhambi hapo. Lakini usikubali tena mtu akuambie bado hujabarikiwa. Na viongozi wanaosoma hapa, tafadhalini, tafuteni namna nyingine ya kuwaheshimu kina mama isiyomwacha dada yetu peke yake kwenye benchi.

Mkaa Kagera

Mleta uzi umenikumbusha wazee wetu wa Uamsho, ule uamsho wa kiroho wa makanisa ya Afrika Mashariki. Wale wa huku wanajua: ulianzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukapita Uganda ukafika Bukoba. Nimekulia kwenye nyumba ya wazee hao, jioni ni wimbo wa Tukutendereza Yesu (Tunakusifu Yesu, kwa Kiganda) mpaka taa inaishiwa mafuta. Ushuhuda wao ulikuwa tofauti kabisa na wa sasa. Mtu akisimama alisema alichokirudisha. Nilimwibia jirani mbuzi, nimeenda kumlipa. Nilimsengenya mwenzangu, nimemwomba msamaha. Waliookoka wakawa wanalipa madeni, wanarudisha jembe, wanakwenda kupatana na waliogombana nao kwa miaka. Sisemi walikuwa malaika, walikuwa na ukali wao pia. Ila ulijua kabisa huyu mtu Mungu amempitia, kwa sababu jirani yake alikuwa wa kwanza kuona faida.

Mwanajumuiya

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Mkatoliki, naandika kutoka Nyeri, naomba niongeze mfano wa kwetu. Mei 23, 2015 tulikusanyika hapa Nyeri, Sista Irene Stefani akatangazwa Mwenyeheri, hatua ya kabla ya kutangazwa mtakatifu. Mwitaliano, mtawa wa shirika la Wamisionari wa Konsolata, aliyezaliwa 1891. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alihudumia wapagazi wa Kiafrika waliochukuliwa kubebea jeshi la Waingereza mizigo. Alikuwa nao Voi, kisha huko kwenu Tanganyika: Kilwa, Lindi, Dar es Salaam. Wapagazi hao walikuwa wakifa kwa maelfu, kwa kuhara na homa na uchovu. Aliwaosha, akawafunga vidonda, akakaa nao wakikata roho. Baada ya vita alikwenda Gikondi, akawa anazunguka vilimani kwa miguu kutembelea wagonjwa na familia, na watu wakampa jina la Nyaatha, mama wa huruma. Mwaka 1930 alimhudumia mgonjwa wa tauni, akaambukizwa, akafa Oktoba 31 akiwa na miaka 39.

Hakuacha nyumba wala shamba. Bibi zetu waliendelea kumtaja kabla Roma haijamtaja.

Kijana wa Mbezi

Mleta uzi, nimekupata sasa, hasa hapo kwa Ibrahimu na kaburi. Sikuwahi kuliangalia hivyo. Swali la mwisho: tuache kutoa basi? Maana mimi huwa napanda mbegu kila mwezi, nasema kabisa Bwana hii ni ya mlango fulani. Na nikitaka kuanza kusoma habari za baraka vizuri nianzie wapi?

Mwana wa Mlimani (mleta uzi)

Usiache kutoa, ndugu yangu. Toa zaidi. Acha tu kumtajia Mungu bei. Simoni wa Samaria alileta fedha ili apewe uwezo wa Mungu, na Petro alimjibu kwa ukali ambao sitaurudia hapa, uko Matendo 8, sura ileile ya towashi. Bwana Yesu alisema ni heri kutoa kuliko kupokea, Matendo 20:35. Ukitoa ili upokee, umeitupa heri yenyewe ukabaki na biashara. Jaribu mwezi huu kuipeleka ile fedha kwa mtu ambaye hawezi kukulipa na hatakuombea mbele za watu. Umlipie mtu dawa. Ukimaliza usimwambie yeyote, hata sisi humu.

Kuhusu kusoma, anza na Luka sura ya 1 hadi ya 6 kwa mkupuo mmoja, mambo ya Mariamu, hua na "heri ninyi mlio maskini" yote yamo humo. Halafu Zaburi ya 32, maana hapo mtu anaitwa heri kwa sababu moja tu, amesamehewa. Baadaye Hesabu 6:24 hadi 26, ile baraka ambayo makuhani waliagizwa kuwabariki nayo watu, na mchungaji wetu hutuagia nayo kila Jumapili. Isome polepole uhesabu kinachoombwa: akulinde, akuangazie nuru za uso wake, akufadhili, akuinulie uso wake, akupe amani.

Binti Sayuni, nimekutumia ujumbe. Mke wangu angependa kuzungumza nawe ukiwa tayari.